Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kusomea upishi na mvinyo huku Italia

Tangu niweke ile picha nimevaa koti jeupe la jikoni simu yangu haitulii. Watu nimesoma nao, majirani wa Malindi, hata wengine siwajui kabisa, na maswali ni yale yale, namaliza kumjibu huyu yule keshauliza tena. Basi nimeyakusanya hapa. Ukiniuliza nitakutumia hii, usikasirike.

Uko Italia wapi, Roma?

Hapana jamani, Roma nimepita mara moja tu tena mbio mbio. Mimi niko Piemonte, juu kule kaskazini magharibi, karibu na mji unaitwa Alba, kwenye vilima vya Langhe. Asubuhi ukifungua dirisha ni mizabibu na ukungu, mizabibu na ukungu, na kijiji kimoja juu ya kilima na mnara wa kanisa. Vilima hivi UNESCO iliviweka kwenye orodha yake ya urithi wa dunia 2014. Alba yenyewe ndio ile kampuni ya Nutella ilianzia, Ferrero, 1946, na kuna siku upepo ukija vizuri mji mzima unanukia chokoleti, unatembea na njaa tu bila sababu.

Siku yako inakuwaje? Ni kupika na kula tu?

Hehe. Naamka saa kumi na mbili kasorobo, wakati wa baridi bado ni giza totoro. Natembea mpaka stendi, basi likichelewa nasimama hapo natetemeka kama kuku wa mvua. Nikifika napita kwenye baa, na baa huku si ile unayoifikiria wewe, baa ni mahali pa kahawa, unasimama pale kaunta unamaliza kikombe kwa mafunda mawili unaenda zako. Kapuchino ni ya asubuhi, ukiagiza baada ya chakula cha mchana hawatakukataza lakini utaangaliwa.

Saa mbili na nusu uwe umevaa tayari: koti, aproni, kofia, viatu vya chuma mbele. Kucha fupi, bangili hapana, pete hapana. Mwalimu anapita anatukagua mikono kama shule ya msingi. Halafu kazi inaanza na kwa wiki nyingi za mwanzo kazi ilikuwa kitunguu. Karoti, seleri, kitunguu, vyote vikatwe vidogo sawasawa, hiyo wanaita soffritto na ndio mwanzo wa nusu ya vyakula vyao. Nilikata mpaka nikaota nakata. Mimi nilikuja najiona mpishi manake nimekulia kwenye karai la mahamri la mama yangu, kumbe kisu sijui kukishika.

Na kuosha! Hili hakuna aliyeniambia. Kila kitu ndani ya friji kiwe na lebo na tarehe, joto la friji liandikwe kwenye karatasi, meza ipanguzwe, sakafu ipigwe deki, sufuria ziwe zinang'aa, na ukiacha ubao wa kukatia samaki pale pa mboga utausikia moto wake. Nikihesabu vizuri naona nusu ya masomo haya ni kuosha. Mchana tunakula tulichokipika wenyewe kwa hivo ukiharibu mnakula uharibifu wenu wote darasa zima na hakuna anayekusalimia mpaka jioni. Baada ya hapo ama nadharia ama mvinyo, saa kumi na mbili jioni narudi, naoga, nafungua daftari nasinzia juu yake.

Hiyo ni wiki ya darasani. Wiki za mazoezi kwenye mgahawa ni habari nyingine. Unaingia saa tatu asubuhi, saa tisa mgahawa unafungwa unakaa huna pa kwenda, saa kumi na moja unarudi, unatoka saa sita usiku. Mgahawa mmoja, siutaji, wiki tatu nzima nilimenya artichoki tu, mboga yao moja, vidole vikawa vyeusi mpaka nikaona haya kupeana mkono kanisani.

Lazima nijue Kiitaliano?

Lazima, usidanganywe. Mimi nilijiona mjanja manake Malindi tumekua na Waitaliano, watoto wa biichi wote wanajua ciao, quanto costa, na kuhesabu mpaka elfu. Nikafika huku nikagundua Kiitaliano changu ni cha kuuza vinyago. Jikoni watu hawasemi sentensi, wanapiga kelele: dietro! maana yake niko nyuma yako, caldo! maana yake nimebeba cha moto, toka. Usipoelewa neno moja unaungua wewe ama unamwunguza mwenzako. Jifunze kabla ya kuja, angalau miezi sita, na jifunze kwa masikio zaidi kuliko kitabu.

Lakini kuna kitu kilinifurahisha sana. Kwenye mapishi yao karibu kila mahali utaona herufi mbili, q.b. Chumvi q.b., mafuta q.b. Nikauliza, nikaambiwa ni quanto basta, yaani kiasi cha kutosha. Nilicheka peke yangu. Miaka yote namuuliza mama chumvi niweke kiasi gani ananijibu weka ya kutosha, kumbe na wao pamoja na mizani yao yote wameshindwa wakaandika vile vile.

Mnajifunza kupika nini, piza?

Piza kidogo sana, piza ni ya kusini, Napoli huko. Huku tambi zao maarufu ni tajarin, nyembamba kama uzi, na unga wake unakandwa na viini vya mayai, viini 30 mpaka 40 kwa kilo moja ya unga. Soma tena, arubaini! Mara ya kwanza nilivunja mayai nikawa nahesabu tu hapa kuna rolex ngapi, zile chapati za mayai, nimezimwaga. Kisha kuna agnolotti del plin, vifuko vidogo vya tambi vyenye nyama ndani, na hilo neno plin kwa lahaja yao ni kufinya, unakifinya kwa vidole viwili kimoja kimoja. Hapo nilingʼaa. Mtu aliyefunga sambusa za mwezi wa Ramadhani za mtaa mzima, maelfu, kufinya kutamshinda? Mwalimu aliita wengine waje waone vidole vyangu, ile siku nilipiga simu nyumbani.

Kingine ni bagna cauda, yaani vitunguu saumu vingi vinapikwa polepole na mafuta ya zeituni na vidagaa vya chumvi mpaka vinayeyuka, mnachovya mboga. Harufu yake unakaa nayo siku mbili, usiwe na miadi na mtu. Mimi nakipenda kuliko vyote manake kina ladha ya pwani, chumvi na samaki, ajabu kwa mahali ambapo bahari haionekani.

Kilichonishinda ni nyama mbichi. Carne cruda, nyama ya ng'ombe inakatwakatwa kwa kisu, mafuta, chumvi, limau, bas, inaliwa. Mama aliniuliza kwani gesi huko imeisha. Nilikaa miezi miwili nikijifanya nimeshiba. Siku niliyoionja nilifumba macho, na kusema kweli si mbaya, ila sijamwambia mama.

Tulipelekwa pia upande wa Parma kuona jibini la Parmigiano Reggiano, gurudumu moja ni kama kilo 40 na linakula karibu lita 550 za maziwa, halafu linakaa si chini ya miezi 12 kabla halijauzwa. Mzee anapita na kinyundo analigonga gonga analisikiliza kama unavyogonga tikiti maji sokoni.

Kwa hivo darasa la mvinyo mnalewa?

Hatulewi. Tunatema. Kuna ndoo mezani, unaonja unazungusha mdomoni unatema, na kutema vizuri bila kujichafua koti ni somo lenyewe, mimi wiki ya kwanza nilimtemea jirani kwenye kiatu. Kuna wanaomeza kisiri, saa nne asubuhi, mchana unawaona wamelala juu ya unga.

Sasa mvinyo mtu unausomea nini mwaka mzima? Si ni zabibu tu?

Hili ndio swali ninalolipenda, kaa kitako.

Unaanza na macho, unainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe unaangalia rangi. Kisha pua. Kisha mdomo. Halafu unaandika, na kuandika ndiko kunaua, manake mwalimu anataka useme unanusa nini. Wenzangu wanasema tunda hili la msituni, tunda lile la msituni, matunda ambayo mimi sijawahi kuyaona maishani, na mimi nikawa nanakili majina bila kujua ninachoandika. Nilikuwa nafeli. Siku moja mwalimu akatupa glasi ya mvinyo wa Nebbiolo ambao bado ni mchanga, ndio zabibu ya huku inayotengeneza ule mvinyo maarufu wa Barolo, nikaionja, mdomo wote ukakakamaa, fizi zikakauka, ulimi kama umepigwa msasa, na mimi bila kufikiria nikaropoka: bibo!

Akaniuliza bibo ndio nini. Nikamweleza, ni tunda la mkorosho, kwetu Kilifi tele, lina maji matamu lakini likiingia mdomoni linaacha ukakasi mpaka koo linawasha, na likidondokea nguo doa halitoki mpaka nguo ife. Akasema huo ukakasi ndio tannini, umeuelewa kuliko hawa wote, kuanzia leo usiandike matunda yao, andika yako kisha tutafute tafsiri pamoja. Tangu siku hiyo daftari langu limejaa ukwaju, embe bichi, karafuu, asumini, iliki, moshi wa kifuu. Barbera, mvinyo mwingine wa huku, kwangu ni ukwaju, uchachu mtupu. Moscato d'Asti ni asumini na maji matamu, ni laini, ina kileo kidogo kama asilimia 5. Nebbiolo uliozeeka kila mtu huku atakwambia waridi na lami, na mimi nakubali, ni kama umesimama na shada la maua pembeni ya barabara inayotiwa lami jua kali.

Kwa hivo ukiniuliza nini kilinisaidia kwenye mvinyo nitakwambia ni pua iliyokulia kwenye jiko la viungo. Watu wa pwani tunanusa pilau kutoka nyumba ya tatu tukajua bizari imeungua, tatizo tunafika huku tunaona hiyo si elimu.

Na kuchacha pia, darasa zima linachora michoro ya hamira inavyokula sukari inatoa kileo na hewa, mimi babu yangu alikuwa mgema Kaloleni. Nimeona kibuyu kikishuka mnazini asubuhi mnazi, yaani ile pombe yake, mtamu kama soda, jioni umekuwa mkali, ukiuacha kesho na keshokutwa ni siki. Tofauti ni haraka. Mnazi haungoji mtu. Barolo kwa sheria unakaa si chini ya miezi 38 kabla haujauzwa, na 18 kati yake iwe ndani ya pipa la mbao. Nilimwelezea babu kwenye simu akanyamaza, kisha akauliza, sasa hao wanaoungoja muda wote huo wanakunywa nini?

Mimi ni Mwislamu, naweza kusomea huko?

Fatwa si kazi yangu, hilo muulize shehe wako. Ninachoweza ni kukwambia hali ilivyo. Darasani tuna mwenzetu kutoka Zanzibar, upande wa mvinyo ananusa tu, hatii mdomoni, alizungumza na walimu mapema wakakubaliana. Lakini tatizo kubwa wala si glasi, ni sufuria. Risoto, wali wao, inamiminiwa mvinyo mweupe mwanzoni, nyama ya brasato inalala ndani ya mvinyo usiku kucha, na nguruwe yuko kila mahali, kwenye mchuzi, kwenye kujaza tambi, hata kwenye mkate. Mpishi lazima aonje anachopika. Kwa hivo kabla hujalipa ada andika barua pepe uulize wazi utaruhusiwa kutoonja nini na mtihani utafanyaje, na majibu yawe kwa maandishi.

Makaratasi je?

Viza ni ya masomo, ile ya muda mrefu ya herufi D, unaombea ubalozini. Ukishafika una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kukaa. Unaenda posta, ndio, posta, unachukua bahasha ya fomu, unanunua stempu ya euro 16 kwenye duka la sigara, unalipa na ada zingine jumla inapita euro 100, wanakupa risiti. Hiyo risiti itunze kuliko pasipoti. Baadaye unaitwa polisi kuchukuliwa alama za vidole, kisha unangoja kadi. Mimi nilingoja miezi, na kadi ilipotoka ilikuwa imebaki na wiki chache iishe muda, nikaanza tena. Namba ya kodi utaihitaji kwa kila kitu, hata laini ya simu, ni bure. Bima ya afya ya serikali kwa mwanafunzi tangu 2024 ni euro 700 na inahesabiwa Januari mpaka Desemba, kwa hivo ukijiandikisha Oktoba umelipia mwaka mzima kwa miezi mitatu. Wengi wanaanza na bima ya kampuni binafsi, nafuu.

Pesa zinatosha? Unaweza kufanya kazi?

Kibali cha masomo kinaruhusu kazi masaa 20 kwa wiki. Nasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni wikendi. Chumba nagawana na dada mmoja wa Peru, nalipa euro 260 na joto linazimwa saa nne usiku. Kinachokula pesa ni vitu vidogo, visu, viatu, basi. Visu usinunue seti nzima ukifika, nunua kimoja kizuri cha mpishi na kidogo cha kumenya, vingine utaazima mpaka wakuchoke.

Ukitamani chakula cha nyumbani?

Naenda Torino, treni saa moja na kitu, kuna soko la Porta Palazzo, kubwa mno, la wazi, mihogo ipo, ndizi za kupika zipo, bamia, pilipili zenye akili.

Ugali wa huku sikilizeni vizuri manake wengi mmeteseka. Waitaliano wana polenta, ni unga wa mahindi, na supamaketi imejaa. Ile iliyoandikwa bramata ni chenga nene, ukisonga inakuwa kama mchanga wa biichi. Tafuta iliyoandikwa fioretto, hiyo ni laini, na ukipata nyeupe ya upande wa Veneto utalia. Ile ya dakika tano achana nayo. Wao polenta wanaikoroga dakika arubaini na inabaki laini inamwagika, mimi niliwasongea yangu ikasimama, mwalimu akaikata akaila kwa mkono na mchuzi wa sungura akasema hii ni ya bibi yake.

Nazi nakuna mwenyewe. Nilikuja na mbuzi kwenye sanduku, ile ya mbao ya kukalia, uwanja wa ndege wakaniuliza hii ni nini nikasema kwa Kiitaliano changu cha biichi, ni mbuzi wangu. Nilikaa pale nusu saa.

Huko wabaguzi?

Wapo na wapo wasio. Kuna mwenye nyumba alinikubalia kwa simu, aliponiona mlangoni chumba kikawa kimechukuliwa. Kuna bibi jirani ananiletea supu kila Jumapili na ananigombeza nisitoke na nywele mbichi. Upweke ndio mbaya zaidi, hasa Novemba, ukungu unashuka huoni hata mti wa mbele, vijiji vinalala saa mbili usiku. Tafuta watu. Kanisa, msikiti, timu ya mpira, yeyote.

Mavuno ya zabibu ni kama kwenye picha?

Kwenye picha hawakuonyeshi nyigu. Septemba wanaanza na Moscato na Dolcetto, Nebbiolo ndio ya mwisho, Oktoba. Unapewa mkasi na kreti, kilima kimesimama, mikono inanata sukari mpaka huwezi kushika simu, na mkasi haubagui kikonyo na kidole, nina alama mbili. Mgongo unakufa siku ya pili, siku ya tatu unafufuka. Mchana tunakula chini pale pale, mkate, salami, na wazee wanakunywa mvinyo kwenye vikombe vya plastiki bila kunusa wala kuandika kitu. Mimi nikawa nanusa changu kwa mazoea, wakanicheka mpaka machozi.

Mtu wa Dodoma aliyeniuliza, ndio, nilimwambia mwalimu kwamba kwenu Tanzania mnavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hakuamini. Njoo umwambie mwenyewe.

Ukimaliza unarudi?

Nataka. Malindi ina mikahawa ya Kiitaliano kila kona na jikoni wanaopika ni watoto wa Kigiriama, ila jina juu ya mlango ni la mwingine. Nawazia kidogo hapo. Mengine tuyaache.

Nakuja mwezi ujao, nikubebee nini?

Iliki, bizari nzima, majani ya chai, pilipili za kusaga, leso moja. Nyama na vitu vya maziwa hapana, Ulaya hawaruhusu kwenye mizigo, watakunyang'anya. Na ukipita Kaloleni kunisalimia babu, atataka akufungie chupa ya mnazi uniletee. Mwambie asante, pokea, kisha uinywe wewe hapo hapo kwenye matatu. Mwaka jana alimfungia binamu yangu, akakaza kizibo vizuri kabisa, na ilipasukia ndani ya sanduku kabla hata hajafika Mombasa.